Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari: Somo la Utunzaji wa Ghala kwa Jamii za Mpakani



Mtu anapofika katika kituo cha polisi kulalamika kwamba ghala lake limeibiwa, askari aliye mezani humuuliza maswali matatu kabla ya mengine yote. Kimepotea nini? Ni kiasi gani? Na ni lini kilipoonekana kwa mara ya mwisho? Maswali hayo ni mepesi kuyasikia, lakini walalamikaji wengi hushindwa kuyajibu. Mmoja husema ni magunia kama ishirini hivi. Mwingine husema ni ule mzigo wa juzi. Mwingine humgeukia mkewe au mwanawe akitafuta jibu. Uchunguzi unaoanza kwa "kama hivi" huchechemea tangu siku ya kwanza. Hata mali ikikamatwa njiani, mwenyewe hukosa njia ya kuthibitisha kwamba ni yake, na mtuhumiwa huachiliwa kwa kukosekana ushahidi.

Wahenga walilijua jambo hili, nao wakasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Somo hili linahusu utunzaji wa ghala na hesabu ya mali iliyomo. Limeandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, vyama vya ushirika, watunza ghala, walinzi na viongozi wa vijiji vilivyo mpakani. Nia yake ni kuonyesha kwamba daftari la ghala lina kazi mbili: kumfichua mwizi, na kumkinga asiye na hatia. Kazi hii ya pili husahaulika, nayo ndiyo tutakayokaa nayo zaidi.

1. Ghala la mpakani na mzigo wake

Katika miji kama Busia, Malaba na Mutukula, ghala si lazima liwe jengo kubwa lenye milango ya chuma. Chumba cha nyuma ya duka ni ghala. Stoo ya kikundi cha akina mama wanaokusanya maharage ni ghala. Nyumba iliyokodishwa msimu mmoja ili mahindi yapate pa kulala ni ghala pia. Popote mali ya mtu inapokaa mikononi mwa mtu mwingine, pana haja ya utaratibu.

Uganda huvuna mahindi misimu miwili kwa mwaka, na sehemu kubwa ya ziada yake huuzwa Kenya kupitia mpaka wa mashariki. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilipozinduliwa rasmi na marais wa nchi hizo mbili tarehe 24 Februari 2018, mwenye mzigo hukamilisha taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja. Hata hivyo, kabla ya kuvuka na baada ya kuvuka, mzigo hulala ghalani. Humo ndimo mali hupungua, huchanganyika, huoza, hubadilishwa na huibiwa. Na humo ndimo majirani waliosaidiana miaka mingi hugeuka kuwa mahasimu.

2. Kupokea mali

Hesabu nzuri huanzia mlangoni. Kosa lililofanyika wakati wa kupokea halirekebishiki kwa urahisi baadaye, kwa kuwa mali iliyokwisha kuchanganywa haina tena ushahidi wa ilikotoka. Kila mzigo unapofika, mtunza ghala aandike mambo yafuatayo kabla vibarua hawajaanza kuupanga:

- tarehe na saa;
- jina la aliyeleta, na namba ya kitambulisho chake;
- namba ya gari, au maelezo ya chombo kilichobeba;
- aina ya mali na mahali ilikotoka;
- idadi ya magunia, na uzito wake wote kwa kilo;
- kiwango cha unyevu, ikiwa ni nafaka;
- hali ya mzigo: uliolowa, uliotoboka, wenye wadudu au ulio safi;
- sahihi ya aliyeleta na sahihi ya aliyepokea.

Stakabadhi iandikwe nakala mbili: moja abaki nayo mwenye mali, nyingine ibaki ghalani. Mwenye mali asiondoke na ahadi ya mdomo, hata kama mtunza ghala ni shemeji yake. Undugu hauharibiwi na karatasi. Mara nyingi huharibiwa na kukosekana kwake.

Nafaka ichunguzwe kwa bambo, yaani kile chuma chenye mfereji kinachochomwa guniani ili kutoa sampuli. Bambo lichomwe katika magunia mbalimbali, juu, katikati na chini, maana ulaghai wa kujaza makapi, mchanga au nafaka mbovu katikati ya gunia na kufunika nzuri juu ni wa siku nyingi.

Jambo moja dogo husaidia sana wakati wa uchunguzi: alama. Kikundi kinaweza kuchagua uzi wa rangi yake cha kushonea magunia, na kutia ndani ya kila gunia kipande cha karatasi chenye alama isiyojulikana na wengi. Gunia likikutwa upande wa pili wa mpaka, nembo iliyochapishwa nje yaweza kuwa imefutwa, lakini karatasi iliyomo ndani itasema.

3. Gunia si kipimo

Ugomvi mwingi wa mpakani huzaliwa na neno "gunia". Kwa mazoea, gunia la mahindi nchini Kenya huhesabiwa kuwa kilo 90, ilhali Uganda na Tanzania huhesabiwa kuwa kilo 100. Washirika wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wakikubaliana juu ya magunia 100 bila kutaja kilo, mmoja atakuwa na kilo 9,000 kichwani na mwingine kilo 10,000. Tofauti hiyo ni tani 1 nzima. Hakuna aliyeiba, lakini kila mmoja ataapa kwamba ameibiwa, na wote wawili watakuwa wanasema kweli kwa kadiri wanavyojua.

Ongeza juu yake lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba, nawe utaona kwamba kuhesabu magunia peke yake ni kama kuhesabu vikapu bila kujua kilichomo. Kwa hiyo daftari liandike idadi ya magunia na uzito kwa kilo, vyote viwili. Idadi husaidia kuona haraka kama kuna lililotoweka. Uzito husema ukweli wa mwisho.

Mizani nayo ikaguliwe na kugongwa muhuri na mamlaka ya vipimo ya nchi husika kwa wakati uliowekwa. Iwekwe mahali penye sakafu sawa, ioneshe sifuri kabla ya kupima, na mwenye mzigo aruhusiwe kuisoma kwa macho yake mwenyewe.

4. Maji yaliyomo ndani ya nafaka

Tufike sasa kwenye jambo ambalo limewapeleka watunza ghala wengi wasio na kosa mbele ya wazee, na wengine mbele ya askari. Nafaka ina maji ndani yake. Ikikauka, hupungua uzito, na upungufu huo machoni pa asiyejua unafanana kabisa na wizi.

Tuchukue mfano. Chama cha ushirika kinapokea kilo 10,000 za mahindi kutoka kwa wanachama wake. Mahindi hayo yana unyevu wa asilimia 16. Yanaanikwa juu ya maturubai hadi unyevu unashuka kufikia asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachokubaliwa na viwango vya Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuuza. Siku ya mauzo yanapimwa tena, na mizani inaonyesha kilo 9,711. Wanachama wanapiga kelele: kilo 289 zimekwenda wapi? Hayo ni karibu magunia matatu! Mtunza ghala anatazamwa kwa jicho baya. Kama amenunua baiskeli mwezi huo, hukumu imekwisha kutolewa.

Tufanye hesabu pamoja. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 16 yana asilimia 84 ya nafaka kavu. Asilimia 84 ya kilo 10,000 ni kilo 8,400. Nafaka hiyo kavu haipungui kwa jua. Kinachopungua ni maji. Unyevu ukifika asilimia 13.5, nafaka kavu huwa ni asilimia 86.5 ya mzigo wote. Gawanya 8,400 kwa 0.865, utapata kilo 9,711. Mahindi yote yapo. Kilichoondoka ni maji kilo 289, nayo yamechukuliwa na jua.

Sasa tugeuze mfano. Tuseme mizani ilionyesha kilo 9,400. Mtunza ghala anaweza kujitetea kwamba mahindi yamekauka, na asiyejua hesabu atakubali. Lakini daftari halikubali. Kukauka kungeacha kilo 9,711. Zilizopo ni 9,400. Pengo la kilo 311 haliwezi kuelezwa kwa jua wala kwa upepo. Hapo kuna swali halali la kuulizwa.

Daftari lile lile, basi, limemwokoa mtu mmoja na kumhoji mwingine. Tofauti ilitokana na tarakimu mbili ndogo: unyevu wa siku ya kupokea na unyevu wa siku ya kutoa. Zisipoandikwa, mwema na mwovu husimama pamoja, na aliye na sauti kubwa zaidi mkutanoni ndiye anayeamua nani ni nani.

Chama kisicho na kipima unyevu kiazime kwa chama jirani au kwa bwana shamba siku za kupokea na kutoa. Kwa uchunguzi wa haraka, ipo njia ya chumvi: tia kiasi cha nafaka na chumvi kavu katika chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, nafaka bado ni mbichi mno kuwekwa ghalani. Njia hii haitoi tarakimu ya kuandika daftarini, lakini hukuzuia kuingiza mzigo utakaooza.

5. Kupanga mali ili ihesabike

Ghala lililopangwa vizuri huhesabika kwa macho. Magunia yapangwe juu ya chaga za mbao, yasiguse sakafu, maana sakafu hupitisha unyevu. Yaachwe kama mita 1 kutoka ukutani, ili mtu aweze kuzunguka kila rundo na kuona panya, wadudu au paa linalovuja. Kila rundo liwe la aina moja ya mali na la mwenye mali anayejulikana, na libandikwe kadi yenye jina lake, tarehe ya kuingia, idadi na uzito. Kinachotoka na kinachoongezwa kiandikwe kwenye kadi hiyo siku ile ile.

Mistari ya magunia iwe sawa. Kama kila safu ina magunia 8, na safu ni 10, basi ni magunia 80, na mtoto wa shule anaweza kuthibitisha. Lakini tahadhari: wapo wezi wanaotoa magunia ya katikati na kuacha kuta za nje zimesimama, rundo likawa kama nyumba tupu. Ndiyo maana mkaguzi apande juu ya rundo na kutazama ndani.

Kanuni nyingine ni kwamba kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Rundo la zamani likiachwa nyuma kwa sababu la mbele ni rahisi kubeba, msimu ujao litakuwa chakula cha wadudu.

6. Ukungu, wadudu na sumu

Mali yaweza kuwepo yote kwa idadi na uzito, lakini isiwe na thamani tena. Mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaozaa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki.

Tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini. Siku chache baadaye biashara iliruhusiwa tena, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika bilioni, uonyeshe ulikolimwa, na maelezo ya ghala unakohifadhiwa yatolewe. Tazama sharti hilo la mwisho. Utunzaji wa ghala, uliodhaniwa kuwa ni siri ya mwenye duka, ulikuwa sehemu ya ruhusa ya kuvuka mpaka.

Kuhusu wadudu, wengi wetu tunamfahamu dumuzi. Mdudu huyu, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, aliripotiwa Tabora nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akasafiri na biashara ya nafaka hadi nchi jirani. Gunia moja lenye dumuzi likipokelewa bila kukaguliwa laweza kuharibu ghala zima.

Hapa tunatoa onyo. Vidonge vya kufukizia maghala hutoa gesi ya fosfini, inayoua wadudu na watu bila ubaguzi. Vitumiwe na mtaalamu aliyefunzwa. Ghala likifukizwa, lifungwe, bango la hatari libandikwe mlangoni, na mlinzi asilale ndani wala katika chumba kinachopakana nalo. Vidonge viandikwe daftarini kama mali nyingine yoyote: vilivyoingia, vilivyotumika na vilivyobaki. Kidonge kilichopotea si hasara ya fedha tu. Kinaweza kuwa maisha ya mtu.

7. Ufunguo na kalamu

Kanuni kuu ya ulinzi wa ghala ni hii: mkono mmoja usishike ufunguo na kalamu. Anayetunza mali asiwe yeye peke yake anayeandika, anayehesabu na anayeidhinisha kutoka kwake. Katika kikundi kidogo chenye watu watatu, mmoja ashike ufunguo, wa pili aandike, na wa tatu ahesabu kila mwisho wa mwezi. Penye uwezo, mlango uwe na kufuli mbili na funguo zake zikae kwa watu wawili tofauti.

Mlinzi hulinda nje. Asipewe ufunguo wa ndani. Ghala lisifunguliwe usiku ila kwa dharura, na dharura ikitokea, wawepo mashahidi wawili na sababu iandikwe. Mlinzi naye awe na daftari lake dogo la magari na watu wanaoingia na kutoka. Daftari la mlinzi likilingana na la mtunza ghala, yote mawili huaminika. Yakitofautiana, pa kuanzia uchunguzi pamepatikana.

Wakati wa kutoa mali, hati ya kutolea iandikwe kabla gunia halijabebwa, na dereva aweke sahihi. Kosa la kalamu likatwe kwa mstari mmoja na kutiwa sahihi, wala lisifutwe. Ukurasa uliochanwa huzua shaka kuliko ukurasa wenye makosa kumi.

8. Kuhesabu na kulinganisha

Hesabu ya ghala ni fupi: mali ya mwanzo, jumlisha iliyoingia, toa iliyotoka, unapata inayopaswa kuwepo. Kama mwezi ulianza na magunia 120, yakaingia 85, yakatoka 140, basi yanapaswa kuwepo 65. Mhesabuji aingie ghalani bila kuambiwa jibu. Akitajiwa kwamba ni 65, macho yake yatamwonyesha 65. Ahesabu kwanza, aandike, ndipo daftari lifunguliwe.

Akikuta 62, asitamkwe mwizi. Hatua zifuatwe kwa utaratibu. Hesabu irudiwe na mtu mwingine. Stakabadhi na hati za kutolea zisomwe moja moja, huenda kuna iliyoandikwa mara mbili au iliyosahauliwa. Marundo ya jirani yatazamwe, huenda mali imepangwa pasipo pake. Uzito na unyevu vilinganishwe. Pengo likibaki baada ya hayo yote, sasa ni wakati wa kuarifu uongozi na polisi.

9. Mzigo wa mgeni

Mtu usiyemjua anafika jioni na mzigo. Anasema gari limeharibika, anaomba uhifadhiwe siku mbili, naye yuko tayari kulipa kodi ya mwezi mzima. Wema ni sifa yetu, lakini njia za panya huishia katika maghala ya watu wema. Kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na kila sababu ya kujua, ni kosa la jinai. Mizigo inayopita kwenda nchi nyingine hufungwa lakiri za forodha. Gari lenye lakiri lisishushwe mzigo kwako hata gunia moja.

Mwombe mgeni kitambulisho na hati za mzigo, uziandike, na umjulishe mwenyekiti wa kijiji. Mwenye mali halali hatachukia. Mfanyabiashara mdogo anayevuka na bidhaa za Afrika Mashariki zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, anaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Hana haja ya kupita porini usiku, nawe huna haja ya kuficha mzigo wake.

Mali isiyo na mwenyewe ni hatari kwa namna nyingine pia. Tarehe 4 Agosti 2020, katika bandari ya Beirut nchini Lebanoni, zililipuka tani zipatazo 2,750 za amonia nitreti, kemikali itumikayo katika mbolea na baruti. Zilikuwa zimeachwa ghalani kwa miaka sita hivi. Watu zaidi ya 200 walikufa. Maofisa walijua kuwa zimo, na barua zilikuwa zimeandikwa, lakini hazikuondolewa. Ghala la kijiji halina tani 2,750 za kitu chochote, lakini linaweza kuwa na mapipa manne ya petroli yaliyoachwa na mpangaji aliyehama, kando ya jiko la mkaa la jirani. Kila mali ghalani iwe na jina la mwenyewe na tarehe ya mwisho ya kukaa. Ikipita tarehe hiyo, uongozi uarifiwe.

10. Mali ikipotea

Ukikuta kufuli imevunjwa, usiingie, usiiguse, wala usiruhusu umati kukanyaga mlango. Weka mtu wa kusimama hapo, uarifu polisi na uongozi wa kijiji mara moja. Njoo na daftari, stakabadhi na maelezo ya alama za magunia yako. Kutoa taarifa hakulipiwi. Omba namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, inayofahamika kama OB nchini Kenya, RB nchini Tanzania na SD nchini Uganda, uitunze.

Ikiwa mali imevushwa, usiifuate mwenyewe ng'ambo. Polisi wa nchi zetu wana njia za kushirikiana, zikiwemo zile za umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, ulioanzishwa mwaka 1998. Kinachowawezesha ni maelezo kamili: idadi, uzito, alama, namba ya gari na saa.

Na kwa vyovyote, mtu yeyote asipigwe. Mtuhumiwa aliyeuawa na umati hawezi kusema mali ilipelekwa wapi, na huenda alikuwa yule wa mfano wetu, ambaye kilo zake 289 zilikaushwa na jua. Aliyempiga naye atajibu mbele ya sheria kama muuaji.

11. Faida ya utaratibu huu

Ghala lenye daftari hukopesheka. Tanzania ilitunga sheria ya stakabadhi za ghala mwaka 2005, Uganda mwaka 2006 na Kenya mwaka 2019. Chini ya sheria hizo, mkulima anayeweka mazao katika ghala lenye leseni hupewa stakabadhi anayoweza kuitumia kama dhamana ya mkopo, akasubiri bei ipande badala ya kuuza kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno. Benki haikopeshi juu ya "kama ishirini hivi". Kikundi kinachojizoeza leo kuandika kwa uaminifu katika daftari la kawaida kinajiandaa kuingia katika mfumo huo kesho.

Gharama ya kuanza ni ndogo: daftari mbili, kalamu, kadi za marundo, kufuli mbili na saa moja kila mwisho wa mwezi. Kazi ngumu ni kutoacha kuandika siku ile umechoka, mvua inanyesha na dereva anapiga honi. Siku hiyo hiyo ndiyo itakayoulizwa.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji au wa kikundi

1. Katika ghala letu, nani anashika ufunguo na nani anashika kalamu? Je, ni mtu mmoja?
2. Tunapokubaliana na wanunuzi wa ng'ambo, tunataja magunia au kilo?
3. Kikundi kimepokea kilo 5,000 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 16. Yakikauka hadi asilimia 13.5, zinapaswa kubaki kilo ngapi? (Jibu: kama kilo 4,855.)
4. Mwanachama anadai kwamba mtunza ghala ameiba. Ni karatasi zipi tutakazozitazama kabla ya kumwita mtuhumiwa?
5. Je, kuna mali katika ghala letu ambayo hakuna anayejua ni ya nani? Itaondolewa lini, na nani atasimamia?
6. Mgeni akiomba kuhifadhi mzigo usiku huu, tutamjibu nini?